Mwasumini kwenye Kitanzi: Namna ya Kuupanda na Kuulea Ndani ya Nyumba

Katika nyumba za mwambao mwasumini ulikaa uani, karibu na kisima au birika, ukaachwa uegemee ukuta upendavyo, na jioni watoto wakatumwa kuchuma vitumba vya kutungia vikuba, yale mafungu madogo ya maua yenye harufu ambayo wanawake hujipambia. Siku hizi wengi wetu tunaishi ghorofani pasipo na ua, na tunapouweka mmea huu sebuleni hutokea mojawapo ya mambo mawili: ama unarefuka kama kamba huku majani yakipungukiana, ama unajaa majani mazito ya kijani bila ya ua hata moja. Mimi nimepitia hali zote mbili. Mwasumini wangu wa kwanza, niliopewa na shangazi yangu wa Tanga ukiwa kipandikizi kwenye kopo la maziwa, ulikaa dirishani kwangu miaka miwili bila kuchanua, nami nikiusifu kwa wageni kwa urefu wake. Uliponizidi nikaukata karibu nusu kwa kukata tamaa, na baada ya mwezi mmoja na nusu ukatoa vitumba kwenye kila chipukizi jipya.

Tangu hapo nimeamini kwamba mwasumini wa ndani unashindwa kwa sababu mbili kuu, nazo ni uhaba wa mwanga na woga wa mkasi. Udongo, maji na mbolea vina nafasi yake, na nitavieleza, lakini anayekosea katika mambo haya mawili hataokolewa na mbolea yoyote. Kitanzi ninachokizungumzia ni duara la waya au mwanzi linalochomekwa kwenye chungu, na matawi ya mmea yakazungushwa na kufungwa juu yake.

Kwanza, hakikisha kwamba ulichonacho ni mwasumini

Asumini inayozungumzwa hapa ni ile ya vikuba na vishada, ambayo wataalamu huiita Jasminum sambac na Waarabu huiita full. Asili yake ni Asia ya Kusini, na ndiyo hiyo hiyo ambayo Wachina hutumia kutia harufu kwenye chai. Majani yake ni mazima, ya mviringo uliorefuka kidogo, yenye kung'aa, na huota mawili mawili yakielekeana kwenye kifundo kimoja, mara nyingine matatu. Maua yake ni meupe, hufunguka magharibi inapoingia, na yakizeeka huwa na rangi ya zambarau hafifu kabla ya kudondoka.

Wauzaji wa miche kando ya barabara huita asumini kila kitu cheupe chenye harufu, kwa hiyo fanya jaribio dogo kabla ya kulipa: vunja jani moja kwenye kikonyo chake. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, huo si mwasumini, hata ukinukia namna gani. Ukiwa Ulaya utakuta madukani mmea uliokwishazungushwa kwenye kitanzi, wenye majani yaliyogawanyika vijani vitano au saba na vitumba vya waridi kwa nje. Huo ni Jasminum polyanthum, ndugu wa asumini yetu, ambao hauchanui vizuri mpaka upitie wiki kadhaa za baridi. Malezi yake ni tofauti, na mwongozo huu hauuhusu.

Mwasumini wenyewe una aina zake. Upo wenye petali za safu moja, upo wenye safu mbili au tatu, na upo wenye ua lililojaa kama waridi dogo uitwao Grand Duke of Tuscany. Aina mbili za kwanza ndizo zinazofaa kwa kitanzi kwa sababu hutoa matawi marefu yanayopindika. Ile ya tatu hukua polepole, ikiwa imesimama na yenye matawi magumu, na kuilazimisha izunguke ni kuivunja tu.

Mahali pa kuuweka

Mwasumini unataka jua lenyewe liuangukie angalau saa nne kwa siku. Mwanga wa chumba ambao sisi tunaweza kusomea gazeti bila taabu kwake ni giza. Kwa hiyo mahali pake ni dirishani, si zaidi ya nusu mita kutoka kwenye kioo, na si pembeni mwa kochi wala juu ya kabati la televisheni hata kama hapo ndipo unapopendeza.

Huku kwetu karibu na ikweta dirisha bora ni la mashariki, kwa kuwa hupata jua la asubuhi mwaka mzima. Dirisha la magharibi linafaa pia, ila jua lake la alasiri ni kali na chungu hukauka upesi. Madirisha ya kaskazini na kusini yanabadilika kwa msimu, jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, dirisha la kaskazini hupata jua wakati wa kusi, kuanzia kama mwezi wa Aprili hadi Agosti, kisha jua likahamia upande wa kusini mwishoni mwa mwaka. Mwenye dirisha la namna hiyo awe tayari kuhamisha chungu mara mbili kwa mwaka, ama sivyo mmea utachanua nusu ya mwaka na kulala nusu nyingine.

Kuna kitu kimoja ambacho karibu kila nyumba ya ukanda wetu inacho na ambacho hupunguza mwanga bila mtu kutambua, nacho ni wavu wa mbu. Wavu mpya hupunguza jua kiasi, lakini wavu uliokaa mwaka mzima kando ya barabara, ukashika vumbi na moshi, hulizuia kabisa lisifike na nguvu yake. Ufungue, uusugue kwa brashi na maji ya sabuni, uurudishe. Mmea wangu wa pili uliacha kurefuka ovyo wiki chache tu baada ya kazi hiyo ya nusu saa.

Kuhusu joto, mwambao hauna tatizo lolote. Nairobi, ambayo iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, usiku wa Julai huwa na baridi ya kutosha kuusimamisha mmea. Usiwekwe karibu na dirisha linaloachwa wazi usiku, na maji yapunguzwe. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi majani huanza kudondoka. Kwa walioko Muskati shida ni kinyume chake: nje kiangazi joto hupita nyuzi 40, na ndani kiyoyozi hukausha hewa, hivyo chungu kikae mbali na mkondo wa kiyoyozi na majani yaoshwe mara kwa mara kwa sababu nitakayoieleza kwenye wadudu.

Chungu na udongo

Anza na chungu cha upana wa sentimita 15 kwa mche mdogo, kisha uuhamishe kwenye cha sentimita 20 hadi 25, na ukomee hapo. Mwasumini huchanua vizuri zaidi mizizi yake inapobanwa kidogo. Ukiupa ndoo kubwa tangu mwanzo utashughulika kujaza mizizi na majani. Chungu cha udongo uliochomwa ni bora kuliko cha plastiki kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa maji, kwa kuwa hupumua na hukauka, na uzito wake husaidia kitanzi kisianguke upepo unapoingia. Chochote utakachotumia lazima kiwe na matundu chini, na maji yanayojikusanya kwenye kisahani yamwagwe baada ya robo saa.

Mchanganyiko ninaoutumia ni makopo mawili ya udongo wa tifutifu, kopo moja la mboji iliyoiva, na kopo moja la mchanga mnene wa mtoni. Usichukue mchanga wa pwani, kwa sababu chumvi yake huua mizizi kimyakimya. Badala ya mchanga unaweza kutumia vumbi la makumbi ya nazi, ambalo hufanya udongo uwe mwepesi na ushike unyevu. Lakini makumbi mengi huloweshwa kwenye maji ya bahari, basi yaloweke kwenye ndoo ya maji baridi siku mbili, ukibadilisha maji angalau mara tatu, kabla ya kuyachanganya.

Kutengeneza kitanzi

Hapa ndipo mwasumini unapotofautiana na mimea mingine ya kutambaa. Mzabibu una vikono vya kushikia, na mpilipili manga una mizizi midogo inayonata kwenye mti, lakini mwasumini hauna kitu cha namna hiyo. Hutupa matawi marefu yanayoegemea chochote kilicho karibu, na yasipopata kitu hujilaza. Ndani ya nyumba mkono wako ndio mti wake.

Tafuta waya mnene usioshika kutu, wa unene wa milimita tatu au nne, usiopindika kwa uzito wa majani. Kwa kitanzi cha kipenyo cha sentimita 40, ambacho kinafaa chungu cha sentimita 20, kata waya wa sentimita 160: kama 126 zitakuwa duara lenyewe na zinazobaki zitakuwa miguu miwili ya kuchimbia kwenye udongo. Upinde waya kwa kuuzungusha kwenye ndoo au beseni lenye ukubwa huo, ili duara litoke sawa. Asiyepata waya achane mwanzi mwembamba, auloweke usiku kucha ulainike, kisha aupinde na kuufunga umbo lake mpaka ukauke.

Kabla ya kuuchomeka, uvike waya kamba ya usumba, ukiizungusha kwa kubana kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Waya mtupu dirishani hupata moto mchana na kuunguza machipukizi laini yanayougusa, na juu ya hilo huteleza, hivyo kila tawi ulilolifunga juu utalikuta limeshuka chini. Usumba unashika. Miguu ya kitanzi iguse sakafu ya chungu, kila mmoja ukiwa karibu na ukingo, na kazi hii ifanywe siku ile ile ya kupanda, kwa kuwa kuchomeka waya baadaye ni kukata mizizi.

Wengine huona nondo za dirisha zinatosha na kuuacha mmea ujisokote humo. Inapendeza kwa miezi sita, kisha huwezi tena kuugeuza chungu, huwezi kuosha dirisha, na upande wa ndani unabaki miti mitupu kwa sababu majani yote yamefuata kioo. Kitanzi kinakwenda na chungu chake. Ndiyo faida yake kubwa.

Kuufundisha kuzunguka

Mche ukifika urefu wa kama sentimita 20, bana ncha yake kwa kucha na uitoe. Watu huona ni ukatili kuukata mmea mdogo namna hii, lakini ncha ya tawi hutengeneza homoni inayoyazuia macho ya vifundoni chini yake yasiamke. Ukiiondoa, macho mawili au matatu hufunguka na unapata matawi badala ya tawi moja. Unahitaji matawi matatu au manne yenye nguvu kutoka karibu na udongo. Yanayozidi hapo na yaliyo membamba yakate.

Yaache matawi hayo yarefuke mpaka sentimita 30 au 40, yakiwa bado laini, ndipo uanze kuyapinda. Wakati wa kupinda ni alasiri, kama saa kumi, kabla ya kumwagilia. Asubuhi, na hasa baada ya maji, chipukizi limejaa na ni gumu kama tango. Ukilipinda linakatika kwa mlio mdogo unaouma moyo. Alasiri limelegea kidogo na linakubali. Lishike kwa mikono miwili, kidole gumba kimoja chini ya sehemu unayoipinda, ulisogeze polepole kuelekea waya huku ukilisikia; likianza kukaza, simama hapo, lifunge, na umalizie siku nyingine. Litazame pia linaelekea upande gani lenyewe na ulifuate. Tawi lililozungushwa kinyume cha mwelekeo wake hujifungua usiku.

Gawa matawi pande mbili: mawili yapande upande wa kulia wa kitanzi, mawili wa kushoto, yakutane juu na kupishana. Kwa kufungia tumia vipande vyembamba vya kanga kuukuu au miyaa ya ukindu iliyoloweshwa. Fungo liwe la umbo la namba nane, yaani kitambaa kizunguke waya, kipishane katikati, kisha kilizunguke tawi kwa ulegevu wa kupitisha ncha ya penseli. Uzi wa kushonea, mshipi wa kuvulia na waya mwembamba havifai, kwa sababu tawi hunenepa na vitu hivyo huzama kwenye gome. Kila mwezi pitia mafungo yote, na lililobana lifungue.

Mduara una kazi zaidi ya kupendeza. Tawi lililosimama wima hupeleka nguvu zake zote kwenye ncha, ndiyo maana mwasumini ulioachwa wima unachanua kileleni tu, mahali ambapo pua yako haifiki. Tawi lililopindwa likalala au likaelekea chini hupoteza ukubwa huo wa ncha, na macho ya vifundo vyote huamka, kila moja likitoa chipukizi fupi la pembeni. Maua huota kwenye ncha za machipukizi hayo mapya. Kwa hiyo kila sentimita ya tawi uliyoilaza kwenye kitanzi ni mahali panapoweza kuchanua.

Mara moja kwa wiki geuza chungu robo ya mzunguko, ili pande zote zipate jua.

Maji

Chomeka kidole kwenye udongo. Sentimita mbili za juu zikiwa kavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Zikiwa na unyevu, acha. Kwenye joto la kaskazi, mwezi wa Januari na Februari, chungu cha udongo dirishani kinaweza kutaka maji kila siku, ilhali wakati wa kusi siku tatu au nne hupita bila haja. Ukishazoea utaujua uzito wa chungu chako kwa kukiinua tu.

Maji ya visima vya mwambao yanahitaji tahadhari kubwa, kwani mengi yana chumvi. Dalili yake ni ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye kingo za chungu, na ncha za majani kuungua zikawa kahawia. Kinga maji ya mvua unapoweza, na masika yakifika toa chungu nje kwenye mvua nzito, uiache ioshe udongo mpaka maji mengi yapite. Kwa anayetegemea kisima peke yake, kila mwezi mmoja mwaga maji safi ya kujaza chungu mara mbili, kwa mkupuo, ili chumvi ishuke na kutoka.

Majani mapya yakiwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila udongo umekuwa na magadi mengi mno mizizi isiweze kukichukua. Usitie majivu wala chokaa kwenye mwasumini, ingawa wazee wengi huyatia kwenye kila kitu. Ongeza mboji, badilisha maji, na ikibidi nunua dawa ya madini ya chuma ya kupulizia majani kwenye maduka ya pembejeo.

Mbolea

Hapa nitasema kwa ufupi, kwani makosa mengi ni ya kuzidisha. Konzi moja ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri kila baada ya miezi mitatu, na nusu kijiko cha chai cha NPK 17-17-17, yaani mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, kila mwezi, ikifukiwa kidogo kwenye ukingo wa chungu na kumwagiliwa hapo hapo, vinatosha kwa chungu cha sentimita 20. Usitie yuria. Naitrojeni nyingi ndiyo inayozaa yale majani makubwa ya kijani kizito ambayo kila mgeni huyasifu na ambayo hayana ua. Mmea ulio kwenye baridi, au uliotoka kuhamishiwa chungu kipya, usipewe chochote kwa wiki sita.

Kukata

Kila kishada cha maua kikimalizika, fuata chipukizi lililokibeba kurudi nyuma na ulikate, ukiacha jozi mbili za majani kutoka pale lilipoota kwenye tawi kuu. Kata juu kidogo ya kifundo, kwa mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti. Kutoka kwenye majani hayo manne yatatoka machipukizi mawili, na kila moja lina uwezo wa kubeba kishada chake. Huu ndio mzunguko mzima wa mwasumini: maua, mkasi, machipukizi, maua. Asiyekata anavunja mzunguko huo, na mmea unaendelea kurefuka ukitafuta nafasi.

Mara moja kwa mwaka fanya ukataji mkubwa. Kwa mwambao mimi huona wakati mzuri ni Septemba, kusi inapolegea na joto linarudi, ili machipukizi mapya yakutane na jua la mwisho wa mwaka. Punguza theluthi moja ya mmea. Anza na matawi makavu, kisha yale yaliyopishana na kusuguana ndani ya kitanzi, kisha yale yaliyotoka mbali na waya ambayo hayafungiki. Matawi makuu yaliyozeeka yakawa ya kahawia na yenye maganda yasiondolewe yote kwa pamoja. Kila mwaka chagua moja, likate karibu na udongo, na upandishe chipukizi changa kuchukua nafasi yake. Kwa njia hiyo baada ya miaka minne kitanzi kizima kimekuwa kipya bila kukosa maua hata msimu mmoja.

Miaka miwili au mitatu ya kwanza mkono utatetemeka. Wangu ulitetemeka, na nilizikusanya zile ncha zilizoanguka sakafuni kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

Wadudu

Ndani ya nyumba mvua haipigi majani, kwa hiyo adui mkubwa ni utitiri mwekundu, ambao hustawi kwenye hewa kavu ya kiyoyozi. Hutauona kwa jicho la kawaida mpaka uwe mwingi. Utaona majani yakipata madoa madogo ya manjano kama yaliyochomwa kwa sindano, na chini yake utando mwembamba. Peleka chungu bafuni, funika udongo kwa mfuko wa plastiki, na osha majani kwa maji, hasa upande wa chini. Rudia kila baada ya siku nne au tano kwa wiki tatu, kwa sababu mayai hayaondoki na mara ya kwanza.

Vidung'ata, weupe kama vipande vya pamba kwenye makutano ya majani, waondoe mmoja mmoja kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa spiriti. Ukiona sisimizi wakipanda kitanzi kwa safu, watafute vidung'ata au vidugamba huko juu, kwani sisimizi hufuata utamu wao. Kwa wadudu waliozidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mwarobaini na nusu kijiko cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu, utikise vizuri, na unyunyize jioni jua likishatua. Vitumba vilivyovimba usivinyunyizie, kama unakusudia kuvichuma.

Kuchuma

Kuanzia saa tisa alasiri pitia kitanzi na utazame vitumba. Kilicho cha kijani kibichi bado. Kilicho cheupe, kilichovimba na kurefuka, lakini bado kimefumba, ndicho cha leo usiku. Kishike kwenye shingo, chini ya vile vijani vyembamba vinavyokizunguka, na ukivute kwa pembeni. Viweke kwenye kitambaa kibichi ndani ya bakuli, bila kuvirundika, na ikifika saa ya Isha vitakuwa vimefunguka vyote. Kwa kutunga, vipitishe uzi vikiwa bado vimefumba, kwani ua lililofunguka huchanika. Kuchuma hakuupunguzii mmea chochote, maana ua hilo lingedondoka kesho.

Matawi uliyoyakata

Usiyatupe yote. Chagua yasiyo laini sana wala magumu sana, yanayopindika kisha yakarudi, ukate vipande vya sentimita 12 vyenye vifundo vitatu. Ondoa majani ya chini, na yale mawili ya juu yakate nusu ili yasipoteze maji. Chomeka vifundo viwili kwenye mchanga na vumbi la makumbi kwa viwango sawa, kwenye kopo lenye matundu, ulifunike kwa chupa ya plastiki ya maji iliyokatwa kitako na kufunguliwa kizibo, na uliweke kwenye mwanga usio na jua la moja kwa moja. Baada ya wiki nne hadi sita vuta kidogo sana. Kikikataa kutoka, kimeshika. Ondoa chupa kwa saa chache kila siku kwa wiki moja kabla ya kuiondoa kabisa, kisha hamishia kila mche kwenye chungu chake cha sentimita 15, ukiwa umeshakichomeka kitanzi kidogo, na usubiri ufike urefu wa kubanwa ncha.